Pikapu juu ya reli, cheche za usiku na ufa wa ukutani: je, njia yetu imeoza?

*“Tunaishi karibu na reli. Miezi ya karibuni nimeona mambo ambayo sikuwahi kuyaona. Kwanza pikapu yenye matairi ya mpira ikitembea juu ya reli. Ilipofika kivukoni taa hazikuwaka wala geti halikushuka, ikasimama, ikapiga honi, ikapita. Halafu usiku mmoja ikaja mashine ndefu ya manjano, inakwenda polepole mno na kutetemesha ardhi, na baada yake nyingine inayotoa cheche chini kama inaungua. Jirani yangu anasema reli ikifikia kuletewa mitambo hiyo ujue imeoza, maana chuma hakichakai na zamani mtu mmoja na nyundo yake alitosha. Mke wangu anasema ufa wa ukutani kwetu umeongezeka tangu usiku ule. Na mwanangu wa miaka 15 yeye amependa tu: anataka kuunda kiberenge chake na wenzake, watembee nacho kwenye tawi la reli lisilotumika. Treni hiyo tunaipanda kila siku. Tuwe na hofu? Na kijana nimruhusu?”*

Ndugu yangu, pole kwa usingizi uliokatika, na hongera kwa macho yanayoona. Nianze na jibu fupi ili usiku wa leo ulale: mitambo uliyoiona ni ya kawaida kabisa katika utunzaji wa reli, na njia inayopitiwa nayo ni njia yenye mwenyewe. Ya kuogopwa ni ile inayokaa miaka bila kukanyagwa na chombo cha ukaguzi. Hata hivyo kuna sentensi uliyoipitisha haraka, ile ya taa za kivukoni kutowaka, na hiyo ndiyo iliyonifanya nikujibu kwa urefu. Nitaifikia.

Kwanza kauli ya jirani yako kwamba chuma hakichakai. Kinachakaa, tena sana. Gurudumu la treni ni chuma kinachobingirika juu ya chuma, na mahali vinapogusana ni padogo, kama sentimita moja ya mraba. Kwenye treni nzito ya mizigo, eneo hilo dogo hubeba tani 10 au zaidi kwa kila gurudumu. Pigo hilo hupita kwenye reli, likaingia kwenye mataruma, yaani vile vipande vilivyolazwa kukingama chini ya reli, kisha kwenye kokoto zilizo chini yake. Na kokoto hizo hazikufungwa kwa saruji wala kamba. Zinashikana kwa kingo zake tu, ndiyo maana hupasuliwa zikawa na pembe badala ya kuokotwa mtoni zikiwa za mviringo. Kila treni inayopita huzisogeza kidogo sana. Zingesogea kwa usawa kila mahali kusingekuwa na tabu, lakini hapa taruma linazama, pale linabaki juu, na njia inaanza kuwa na mawimbi ambayo jicho halioni ila mgongo wa abiria unayahisi.

Ongeza joto. Reli ya urefu wa kilomita moja ikipata joto la nyuzi 30 zaidi, na ikaachwa huru, hurefuka kwa karibu sentimita 35. Njia nyingi za sasa zimeunganishwa kwa kuchomelewa, hazina mianya ya kurefukia, kwa hiyo nguvu hiyo yote hubaki ndani ya chuma ikitafuta pa kutokea. Kinachoizuia isipinde njia pembeni ni mataruma yaliyokaa imara ndani ya kokoto. Ukilishika jambo hilo, mitambo yote uliyoiona inaanza kueleweka.

Ile mashine ndefu iliyotetemesha ardhi ni ya kushindilia kokoto. Huinua reli pamoja na mataruma yake milimita chache mpaka kwenye kimo kinachotakiwa, kisha huteremsha vidole vya chuma kila upande wa taruma. Vidole hivyo hutikisika, mara 35 hivi kwa sekunde kwenye mashine nyingi, na huku vinabana kokoto kutoka pande zote mbili ziingie chini ya taruma na kujaza uwazi. Kisha mashine inasogea taruma linalofuata. Baadhi hushughulikia taruma moja kwa mara moja, nyingine mawili, matatu, hata manne. Zamani kazi hii ilifanywa na genge zima la wafanyakazi kwa sululu za kupigia kokoto, taruma kwa taruma, na matokeo yalitegemea mkono wa kila mtu. Kampuni ya Matisa ya Uswisi, iliyoanza mwaka 1945, na ile ya Plasser & Theurer ya Austria, iliyoanza mwaka 1953, ndizo zilizofanya mashine hizi zienee duniani.

Hapa nataka ujue jambo ambalo abiria wengi hulitafsiri kinyume. Kokoto zikishatikiswa hivyo, kwa muda huwa zimelegea kuliko kabla, na uwezo wake wa kuzuia njia isipinde pembeni hupungua. Ndiyo maana baada ya kazi ya usiku treni huamriwa kupita taratibu kwa muda, au hupitishwa mashine nyingine ya kutuliza njia inayoibana na kuitikisa pembeni, ikifanya kwa muda mfupi kazi ambayo ingefanywa na treni nyingi zikipita. Kwa hiyo ukiona treni yako inatembea pole mahali palipotengenezwa juzi, huo ni utaratibu unaofanya kazi yake. Na sitakuficha upande wa pili: kushindilia nako kuna gharama. Vidole vile huvunja kokoto na kutoa vumbi, na mahali palipojaa tope havisaidii, kwa sababu njia itazama tena baada ya mvua chache. Hapo dawa ni mashine ya kusafisha kokoto, inayopitisha mnyororo wa kuchimbia chini ya njia yenyewe, ikatoa kokoto, ikazichekecha, nzuri ikazirudisha na uchafu ikaumwaga kando. Ukiona mahali pamoja panashindiliwa kila mara na panarudia kuharibika, uliza habari ya maji. Mara nyingi mtaro umeziba.

Sasa zile cheche. Ile ni mashine ya kusaga reli, yenye mawe ya kusagia yaliyopangwa kwa pembe mbalimbali ili kurudisha umbo la kichwa cha reli, yaani sehemu ya juu inayokanyagwa na magurudumu. Huondoa tabaka jembamba sana, sehemu ndogo ya milimita kwa kila mpito. Cheche ni vipande vya chuma chenye moto, na kwa sababu hiyo mashine hizi hubeba maji na watu wa kuzima majani yakishika. Inasaga kwa nini chuma kizima? Kwa sababu pale magurudumu yanapokanyaga, hasa kwenye kona, juu ya chuma huanza vijinyufa vyembamba kama nywele. Ukivisaga vikiwa vichanga, reli inaishi miaka mingi zaidi. Ukiviacha, vinashuka chini na siku moja reli inakatika.

Tarehe 17 Oktoba 2000, karibu na mji wa Hatfield nchini Uingereza, treni ya abiria iliyotoka London kwenda Leeds ilikuwa ikikata kona kwa karibu kilomita 185 kwa saa wakati reli ilipopasuka chini yake ikawa zaidi ya vipande 300. Watu wanne walikufa. Chanzo kilikuwa vijinyufa hivyo hivyo vya kona ya kichwa cha reli, na hitilafu ya mahali pale ilikuwa imeshajulikana kabla ya siku ile. Baada ya hapo treni za nchi nzima ziliwekewa mipaka ya mwendo huku njia zikikaguliwa upya. Kila ninapoziona cheche usiku huwa nawakumbuka wale wanne, na ninafurahi kuziona.

Tuje kwa mtu wa nyundo. Jirani yako ana sehemu ya haki na sitaki kumnyima. Mkaguzi anayetembea kwa miguu bado anahitajika: ndiye anayeona kifungo kilichong'oka, bolti iliyolegea, tope linalochuruzika chini ya taruma, mti unaoinamia njia. Ila nyundo ya kugonga na kusikiliza mlio ilikuwa hasa ya magurudumu: gurudumu zima lina mlio wake, lenye ufa lina mwingine. Kwenye njia, nyundo ilikuwa ya kukazia vifungo. Ufa uliojificha katikati ya chuma cha reli haujawahi kusikika kwa nyundo, na watu walilipa kwa maisha yao kulijua hilo. Tarehe 25 Agosti 1911, karibu na Manchester katika jimbo la New York, reli ilikatika chini ya treni ya abiria na watu 29 wakafa. Ufa ulikuwa umeanzia ndani ya chuma, mahali ambapo hakuna mkaguzi, hata awe makini vipi, angeweza kuuona.

Mvumbuzi Elmer Sperry, anayejulikana zaidi kwa vifaa vyake vya kuongozea meli, alilichukua tatizo hilo, na mwaka 1928 behewa lake la kwanza la kutafuta nyufa likaanza kazi. Alipitisha umeme mwingi ndani ya reli. Mahali penye ufa umeme hulazimika kuzunguka, nguvu ya sumaku iliyoizunguka reli inapinda, na kifaa kinanasa badiliko hilo. Baadaye ikaongezwa altrasaundi, ile ile wanayopimiwa mama wajawazito: sauti isiyosikika inatumwa ndani ya chuma kwa pembe kadhaa kupitia vigurudumu vyenye kimiminika, huku maji yakimwagwa juu ya reli ili sauti ipite vizuri, na ikikutana na ufa inarudi. Mtambo ukiona alama ya kutiliwa shaka, fundi hushuka na kupima kwa mkono kabla ya kutoa hukumu, maana hata tundu la bolti linaweza kufanana na ufa.

Na kifaa hiki nacho kina upofu wake. Vijinyufa vya juu vikiwa vingi, huzuia sauti isishuke, na ufa mbaya ulio chini yake hujificha kivulini. Hapo utaona kwa nini kusaga na kupima vinategemeana. Kingo za nje za kitako cha reli pia hazifikiwi vizuri. Yule mtu wa miguu anarudi kuhitajika hapo, sasa akiwa na tochi nzuri.

Kwa ajili ya kijana wako nitaje treni za kupimia njia, kwa sababu zitampendeza. Hizi hazitafuti nyufa kwanza. Zinapima umbo la njia ikiwa imebeba uzito, kwa miali ya leza na kamera: umbali kati ya reli mbili, ambao kwenye njia nyingi duniani ni milimita 1,435, kwenye nyingine 1,067 au 1,000. Mwinamo kwenye kona. Na msokoto, yaani reli moja inapozama huku mwenzake haijazama. Msokoto ndio unaonitisha mimi kuliko vyote, kwa kuwa unaweza kuliinua gurudumu moja na kulipandisha juu ya reli. Japani wana treni ya manjano ya mabehewa saba iitwayo Doctor Yellow, inayopima njia, nyaya za umeme na mifumo ya ishara kati ya Tokyo na Hakata kwa mwendo unaofika kilomita 270 kwa saa. Ratiba yake haitangazwi, na watu huamini kuiona ni bahati. Moja kati ya mbili zilizokuwepo ilistaafu Januari 2025. Ufaransa ina IRIS 320, inayopima kwa kilomita 320 kwa saa. Uingereza ilibadilisha treni zake za mwendo kasi za dizeli ikatengeneza treni ya kupimia mwaka 2003, nayo ni ya manjano. Zamani palikuwa na mabehewa yenye miiba ya mbao kuzunguka mwili mzima, yakipitishwa kwenye mahandaki: mwiba uliosukumwa na mwamba ulionyesha ni wapi pamebana. Siku hizi leza inafanya hivyo.

Sasa ile pikapu. Ni gari la njia mbili. Lina vigurudumu vidogo vya chuma mbele na nyuma vinavyoteremshwa likishapanda juu ya reli, kwa kawaida kivukoni. Kwa aina nyingi, matairi ya mpira ndiyo yanayolisukuma na kulifunga breki, na vigurudumu vinaliongoza tu lisitoke. Faida yake ni wazi: mafundi wanafika kwa barabara, wanaingia, wanakagua, wanatoka. Hasara zake pia ni za kweli. Mpira juu ya chuma chenye maji hauna mshiko mzuri, na gari jepesi huweza kutoka relini mahali pa kubadilishia njia. Kwa hiyo huendeshwa taratibu na kwa ruhusa.

Lakini kwa nini taa hazikuwaka? Mifumo mingi ya reli hutambua treni kwa umeme mdogo unaopita ndani ya reli zenyewe. Treni inapoingia, magurudumu na ekseli zake huunganisha reli ya kushoto na ya kulia, umeme unakatiza hapo badala ya kufika kwenye kifaa upande wa pili, kifaa hicho kinakosa umeme, na taa zinawaka. Ni ubunifu mzuri, kwa sababu hata reli ikikatika kabisa, mara nyingi umeme nao unakatika na ishara inageuka nyekundu. Gari la njia mbili na viberenge vingi, kwa makusudi, huwekewa kizuizi cha umeme kwenye magurudumu ili visivuruge ishara za treni. Hata kisipowekwa, chombo chepesi juu ya reli yenye kutu hakigusi chuma vya kutosha. Mfumo hauvioni.

Kinachowalinda mafundi ni utaratibu: kipande cha njia hufungwa rasmi na mwongoza treni, yule anayesimamia mwendo wa treni zote akiwa ofisini, na hakuna treni inayoruhusiwa kuingia mpaka wao watoke na kutoa taarifa. Na ndiyo sababu dereva yule alisimama kivukoni na kupiga honi. Yeye ndiye aliyetakiwa kuwapisha ninyi. Alifanya sawasawa. Lakini ninyi wa barabarani nawaomba mbadili zoea moja: taa iliyozimwa isiwe ruhusa ya kuvuka. Punguzeni mwendo, tazameni kulia na kushoto, zimeni redio kidogo msikilize. Mwambie mkeo, waambie na watoto wanaovuka kwenda shule.

Kwa sababu hiyohiyo, jibu langu kuhusu kiberenge cha kijana ni hapana, tena hapana isiyo na mlango wa nyuma. Tawi “lisilotumika” mara nyingi ni tawi ambalo halina ratiba tu. Kampuni huweza kulitumia kuegesha mabehewa, kupitisha mashine ya matengenezo au gari kama lile uliloliona, na haina sababu ya kumtangazia mtu. Kiberenge cha vijana hakionekani na mfumo, na hakuna aliyefungiwa njia kwa ajili yao. Mataruma yaliyooza hushikilia reli kwa macho tu, na kwenye daraja la zamani hilo ni suala la kufa na kupona. Breki ya kujitengenezea kwenye reli yenye majani haisimamishi kitu. Na kuingia njiani bila idhini ni kosa kisheria karibu kila mahali.

Ila usimzimie hamu. Hamu kama hiyo ndiyo iliyompa George Sheffield wa Three Rivers, Michigan, hataza ya toroli lake la magurudumu matatu mwaka 1879, likaja kutumiwa na wakaguzi wa reli. Kuna mambo mawili ningeyafanya ningekuwa wewe. La kwanza, iambieni kampuni ya reli au makumbusho ya reli kwa barua kwamba mna kijana anayetaka kuona karakana ya njia. Wengi hufurahi kupokea mgeni mwenye maswali ya maana. Korea Kusini, Ufaransa na Sweden zina njia zilizofungwa rasmi ambako watu huendesha baiskeli za reli kwa kibali, kwa hiyo hilo analolitaka lina mahali pake halali. La pili, awe mkaguzi akiwa amekaa kitini. Simu nyingi zina kipimo cha mtikisiko na cha mahali. Aiweke chini kwenye sakafu ya behewa, sehemu ileile, katika safari mnazosafiri kila siku, arekodi mtikisiko wa juu na chini, kisha alinganishe wiki kwa wiki. Mahali panaporusha, mashine ile ya manjano ikipita tena, patatulia. Atajionea kwa namba kazi iliyofanyika usiku, na baadhi ya reli duniani hufanya hivyohivyo kwa kufunga vipimo kwenye treni za kawaida za abiria.

Kuhusu ufa, mkeo yuko sahihi kuushuku, lakini ufa hukaguliwa mahali ulipo. Mashine ya kushindilia hutikisa ardhi ya karibu. Nyumba yenye msingi mzuri huvumilia, yenye msingi uliokwisha kushuka huweza kuonyesha wazi kilichokuwa kimejificha. Leo wekeni alama ya penseli kwenye ncha mbili za ufa na tarehe pembeni, mpige picha mkiwa mmeweka rula juu yake. Ukipita ile alama, ukipanuka, au mlango ukianza kukwama, mwiteni mhandisi wa majengo aje aone kwa macho yake, na muwe na tarehe za kazi za usiku mkononi. Mkihitaji kuidai kampuni, tarehe hizo zitawasaidia kuliko maneno.

Na yapo mambo ambayo hayangoji barua kwa mtaalamu. Ukiona reli imekatika au imejipinda wakati wa jua kali, kokoto zimesombwa na maji na mataruma yananing'inia, tuta limeporomoka, au gari limekwama kivukoni, piga simu papo hapo kwenye namba ya dharura ya reli. Kwenye vivuko vingi hubandikwa kwenye kibao pamoja na namba ya kivuko chenyewe; itaje hiyo kwanza, maana ndiyo inayomwambia mwongoza treni asimamishe treni ipi. Usiingie njiani kupiga picha wala kuthibitisha. Nendeni kesho mkasome kibao cha kivuko chenu na kuiingiza namba hiyo kwenye simu zenu wote watatu.